Sumu ya Nyoka Si Moja

ALIYEUMWA na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini je, ndugu msomaji, ukiumwa vichakani Kipevu, wajua ni sumu gani iliyokuingia?

Bafe, yule mnene alalaye njiani, sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama; ukifunga kamba ya kukaza, waweza kupoteza mguu. Hongo, yule wa kijani apendaye miembe ya pwani, hushambulia mishipa ya fahamu na huweza kukata pumzi. Swila hutema machoni: osha upesi kwa maji mengi.

Dawa hupatikana kwa kumchoma farasi sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijenge kinga. Kinga hiyo huitambua sumu ileile na zinazofanana nayo tu. Ndiyo maana dawa iliyotokana na nyoka wa India haitufai hapa, ilhali ile ya Afrika Kusini hutengenezwa kwa sumu za nyoka wa aina 10, bafe na hongo wakiwamo.

Basi usichanje, usinyonye, wala usimfukuze nyoka. Kumbuka rangi na umbo lake, tuliza kiungo kilichoumwa, upelekwe hospitali haraka. Daktari akimjua aliyekuuma, atajua la kufanya.