Gari la Umeme Lisipotoa Joto: Tuangalie Nini Kwanza?



Wengi wetu tuna watoto au jamaa walio katika nchi za baridi. Huko Minnesota, Marekani, Wakenya wengi wamefanya makao, hasa katika vitongoji vya Minneapolis kama vile Brooklyn Park. Usiku wa mwezi wa Januari baridi ya huko huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na zaidi. Wengi wao hutunza wazee na wagonjwa, na zamu zao huisha usiku wa manane au alfajiri. Sasa baadhi yao wananunua magari ya umeme, na kwenye simu tunasikia malalamiko: "Gari ni zuri, lakini ndani ni kama friji." Wengine huzima hita kabisa kwa kuogopa stima kwisha njiani.

Jambo hili si la starehe tu. Dereva aliyeganda vidole hashiki usukani sawasawa, na kioo chenye ukungu hakionyeshi barabara. Basi katika makala hii tutaeleza kwa nini joto husumbua, mtu aangalie nini yeye mwenyewe, na ni wakati gani amwachie fundi. Ukimaliza kusoma, msomee na yule mtoto wako aliye huko.

JOTO LINATOKA WAPI?

Gari la petroli ni kama jiko. Katika kila sehemu 10 za nguvu iliyo ndani ya petroli, karibu 7 hupotea kama joto. Maji ya rejeta hulibeba joto hilo, na hita hulipuliza ndani. Ni joto la bure.

Mota ya umeme haipotezi nguvu nyingi namna hiyo. Kwa hiyo joto la kumpasha dereva lazima lichotwe kwenye betri ile ile inayoendesha magurudumu. Ni kama nyumba yenye debe moja la maji: ukioga sana, ya kupikia yanapungua.

Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Bila hita, safari ilipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa, ilipungua kwa asilimia 41. Maana yake, gari la kwenda kilomita 200 lilikuwa likienda kama kilomita 118 tu. Hapo tunaona kwamba mlaji mkubwa ni hita kuliko baridi yenyewe.

Tena hita ni za aina mbili. Ya kwanza hufanya kazi kama koili ya jiko la stima: umeme unapita, inakuwa moto. Ya pili ni pampu ya joto, ambayo ni friji iliyogeuzwa. Ukiweka mkono nyuma ya friji utasikia joto. Hilo ndilo joto lililotolewa ndani. Pampu nayo hutoa joto kwenye hewa ya nje na kulileta ndani ya gari. Baridi ikiwa ya kiasi, kwa kipimo kimoja cha umeme pampu huweza kuleta vipimo viwili au vitatu vya joto. Baridi ikizidi, nguvu yake hupungua. Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, hazikuwa na pampu hiyo. Baadhi ya zile za kuanzia toleo la 2013 zinayo. Tesla waliiweka kwenye Model Y mwaka 2020. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kujua gari lako lina hita gani.

KABLA HUJASEMA IMEHARIBIKA

Mara nyingi gari halina ubovu wowote. Tufuate hatua hizi:

1. Pasha gari moto likiwa bado kwenye plagi. Hii ndiyo dawa kubwa. Dakika 20 au 30 kabla ya kuondoka, agiza gari lijipashe kwa kutumia simu au saa yake. Joto hilo litatoka kwenye stima ya nyumba, na betri itabaki na chaji yake. Kulidumisha joto njiani ni rahisi kuliko kuanza na gari lililolala nje kwenye theluji.

2. Angalia kitufe kilichoandikwa "ECO". Katika magari mengi kitufe hiki hupunguza nguvu ya hita ili kuokoa chaji. Kizime kwanza, halafu upime joto tena.

3. Weka hita kwenye "AUTO", nyuzi 20 au 21, kisha uiache. Ukiipandisha mpaka mwisho, halafu uizime, halafu uiwashe, chaji inaliwa na bado hupati raha.

4. Pasha mwili kabla ya kupasha hewa. Kiti chenye joto hutumia wati 50 mpaka 100 hivi. Hita ya hewa hutumia wati 3,000 mpaka 5,000 inapoanza. Kwa hiyo washa kiti na usukani kama vina joto, halafu hewa iwe ya kiasi. Lakini mkumbuke abiria wa nyuma, kwani mara nyingi kiti chake hakina joto. Mtoto mdogo asifungwe mkanda juu ya koti nene, maana mkanda hautamshika vizuri gari likigongwa. Mfunge kwanza, ndipo umfunike blanketi.

5. Ondoa theluji mbele ya gari na chini ya kioo cha mbele. Huko ndiko hewa inakoingilia. Angalia pia chujio la hewa ya ndani. Likijaa vumbi na majani, upepo unakuja kidogo.

6. Kioo kikishika ukungu, usizungushe hewa ile ile ya ndani. Ruhusu hewa ya nje iingie, uwashe kitufe cha kusafisha kioo. Usishangae ukiona AC imejiwasha wakati wa baridi: inakausha hewa.

DALILI ZA UBOVU WENYEWE

Ukifanya hayo yote na bado ni baridi, zitazame dalili.

Upepo hauji kabisa: huenda fyuzi imekatika au feni imekufa.

Upepo unakuja lakini ni baridi hata baada ya dakika 10: katika magari yanayotumia maji ya kupitisha joto, huenda maji yamepungua. Huenda pia koili imeungua. Kama gari lina pampu, jiulize: wakati wa joto AC ilipoa vizuri? Kama haikupoa, huenda gesi imevuja, kwa sababu gesi ni ile ile moja.

Upande mmoja una joto na mwingine ni baridi: mara nyingi ni kile kibao cha kugawa hewa kilichokwama.

Mvuke unatoka mbele ya gari na joto linapungua kwa muda: hapa usiogope. Pampu inayeyusha barafu iliyojishika kwake. Lakini ukisikia harufu ya kuungua, simama, zima gari, ushuke.

Ubovu mwingine uko kwenye programu ya kompyuta ya gari. Mwezi wa Februari 2022 magari ya Tesla zaidi ya 26,000 yaliitwa kurekebishwa Marekani kwa sababu programu yake iliweza kuizuia pampu ya joto kusafisha kioo. Yalirekebishwa kwa kutumiwa programu mpya. Basi uliza kama ya gari lako ni ya karibuni.

MAMBO YA HATARI

Nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kamwe. Katika magari mengi zina volti 400 hivi, na zinaua. Hizo ni za fundi aliyesomea magari ya umeme, si za makanika yeyote tu.

Jiko la makaa au la gesi lisiingizwe ndani ya gari, hata kwa dakika tano. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu akiwa usingizini. Ukikwama kwenye theluji, gari la umeme lina faida moja: halitoi moshi, kwa hiyo unaweza kuacha hita ya kiasi ikiwaka ukingoja msaada. Weka blanketi, glavu na tochi ndani ya gari.

Halafu usingoje chaji ifike mwisho. Mwezi wa Januari 2024 huko Chicago, madereva wengi walikwama kwenye vituo vya kuchajia kwa sababu ya baridi kali. Betri iliyopoa sana huchaji polepole. Magari mengi ya sasa, ukikionyesha kituo kwenye ramani yake, huipasha betri moto njiani ili ifike tayari.

NA SISI TULIO HAPA?

Hatuna theluji, lakini wa Limuru, Molo na Kinangop wanaijua asubuhi ya Julai. Na magari ya umeme ya mtumba kutoka Japani yamekwisha kuingia nchini. Ukienda kununua, usipime mwendo na betri peke yake. Washa hita dakika 10, halafu washa AC dakika 10. Kimoja kikikataa, fundi akague kabla hujatoa pesa.

Na mtoto wa ng'ambo akipiga simu kulalamika, usimwambie tu avumilie au azime hita. Muulize hivi: "Unalipasha gari moto likiwa kwenye plagi? ECO umeizima? Kiti umekiwasha? Chaji ni kiasi gani?" Akijibu hayo manne, wengi wataona gari lao ni zima. Na yule ambaye bado anasikia baridi atajua la kumwambia fundi.