Nani Ameua Watu Wengi Zaidi kwa Mkono Wake Mwenyewe? Jibu kwa Kijana wa Kitendaguro



Katika mafundisho ya Kipaimara tulikuwa tumefika kwenye Amri ya Tano, ndipo kijana mmoja wa Kitendaguro aliponyosha mkono. “Padre, naomba kuuliza. Katika historia yote, ni nani aliyeua watu wengi kuliko wote? Siulizi aliyeamuru. Nauliza aliyeua kwa mkono wake mwenyewe.” Wenzake walicheka, nami nikadhani ni udadisi wa kawaida wa vijana. Masomo yalipokwisha alinisubiri nje. Babu yake alikwenda vitani Uganda mwaka 1979 akiwa mgambo. Alifariki hivi karibuni, na msibani mzee mmoja alisimama akamsifu kwamba hapakuwa na mtu kijijini aliyeua maadui wengi kama yeye. Tangu siku hiyo mjukuu alikuwa anajiuliza kama inafaa kumwombea mtu wa namna hiyo. Makala hii ni jibu nililompa, pamoja na mengine ambayo sikuyapatia nafasi siku ile.

Nianze na lile alilouliza, maana swali la historia linastahili jibu la historia. Anayetajwa mara nyingi ni Vasily Blokhin, ofisa wa polisi wa siri wa Kisovieti na mnyongaji mkuu wa zama za Stalin. Tarehe 5 Machi 1940 viongozi wa juu wa chama cha Kikomunisti waliidhinisha kuuawa kwa maelfu ya mateka wa Kipolandi. Zaidi ya elfu sita kati yao, wengi wakiwa polisi na walinzi wa mipaka, walipelekwa gereza la mji wa Kalinin, ambao leo unaitwa Tver. Huko Blokhin alivaa aproni ya ngozi, kofia ya ngozi na glavu ndefu, akawapiga risasi ya kisogoni mmoja baada ya mwingine, usiku baada ya usiku, akitumia bastola za Kijerumani. Mkuu wa polisi hao hapo Kalinin alieleza katika ushahidi wake wa mwaka 1991 kwamba usiku wa kwanza waliletwa zaidi ya mia tatu, na kwa kuwa kulipambazuka kazi haijaisha, idadi ikapunguzwa. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni watu wapatao 7,000 kwa usiku 28. Blokhin alipewa nishani. Serikali ya Kisovieti ilikaa miaka hamsini kabla ya kukiri mauaji hayo.

Kanisa nalo lina ukurasa wake katika habari hii, na haifai tuufiche. Tangu mwaka 1796 hadi miaka ya 1860, mnyongaji wa Dola la Kipapa alikuwa Giovanni Battista Bugatti, ambaye Warumi walimwita Mastro Titta. Kwa hesabu yake mwenyewe, aliwatoa roho wahukumiwa zaidi ya mia tano, kwa kitanzi, kwa shoka, kwa rungu, na baadaye kwa mashine ya kukata vichwa. Alifanya hivyo kwa mshahara na kwa sheria ya utawala ambao mkuu wake alikuwa Papa. Mwezi Oktoba 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alikiri kwa masikitiko kwamba Dola la Kipapa pia liliitumia adhabu hiyo ya kinyama, na mwaka 2018 akabadilisha Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2267, ili ieleweke kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kamwe.

Lakini hebu tulitazame kwa makini neno hili “mkono”. Tarehe 9 Agosti 1945, juu ya mji wa Nagasaki, mkono wa mwanajeshi mmoja katika ndege uliachilia bomu moja. Lililipuka karibu na Kanisa Kuu la Urakami, mahali penye Wakatoliki wengi kuliko kwingine kokote Japani, wakati baadhi ya waamini walikuwa wamekuja kuungama kwa maandalizi ya Sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 70,000 walikuwa wamekufa. Hiroshima, siku tatu kabla, walikuwa wengi zaidi. Tukihesabu mikono, waliobonyeza vifyatuo vya mabomu yale walimpita Blokhin mbali sana, ingawa hawakumwona usoni hata mmoja wa waliokufa. Padre George Zabelka, kapelani Mkatoliki aliyewahudumia wanajeshi hao katika kisiwa cha Tinian, baadaye alikiri hadharani kwamba alinyamaza wakati alipopaswa kusema, akatumia miaka yake ya mwisho kutubu na kuhubiri amani.

Unaona, ndugu msomaji, jinsi swali linavyoanza kuponyoka. Maandiko Matakatifu yalikwisha kuliponyosha zamani. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, Daudi hakumgusa Uria Mhiti kwa upanga. Aliandika barua, akampa Uria mwenyewe aipeleke, na Waamoni ndio waliofanya kazi ya kuua. Nabii Nathani alipofika mbele ya mfalme hakumwambia kwamba amesababisha kifo. Alimwambia kuwa yeye ndiye aliyemuua Uria, na kwamba upanga wa Waamoni ulikuwa chombo tu. Katika Matendo ya Mitume, Sauli hakurusha jiwe hata moja kwa Stefano. Alitunza mavazi ya waliorusha, akaridhia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi umo ng’ambo ya mto wetu. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia parokia ya Nyarubuye, katika komyuni ya Rusumo, upande wa pili wa mpaka wa Ngara. Waliuawa humo kanisani na katika majengo ya parokia. Meya wa komyuni hiyo alikuwa Sylvestre Gacumbitsi. Alivuka mto pamoja na wakimbizi waliomiminika Rusumo mwishoni mwa Aprili, wapatao robo milioni kwa muda wa siku moja hivi, akaishi kambi ya Benaco. Alikamatwa mwezi Juni 2001 hapa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, akafikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa ikiketi Arusha.

Na mahakama iligundua nini juu ya mkono wake? Iliona kwamba pale Nyarubuye alimuua kwa mkono wake mtu mmoja, na tendo hilo likawa ishara ya kuanza kwa shambulio. Mmoja tu, kati ya maelfu. Mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Majaji wa rufani, mwaka 2006, waliipandisha adhabu kuwa kifungo cha maisha, wakaeleza jambo ambalo kila katekista angefaa kulijua: katika mauaji ya kimbari, kutenda kwa mikono si lazima kuwe kuchinja. Aliyekuwapo, akaongoza na kusimamia, akawatenganisha Wahutu na Watutsi ili hawa wauawe, ametenda mauaji yenyewe sawa na mshika panga.

Kwa hoja hiyohiyo alihukumiwa padre, nami naliandika hili kwa uchungu. Athanase Seromba alikuwa padre wa parokia ya Nyange. Watutsi wapatao 1,500 walikuwa wamejificha kanisani humo, na tarehe 16 Aprili 1994 kanisa likabomolewa kwa tingatinga juu ya vichwa vyao. Aliyeendesha tingatinga alikuwa mtu mwingine. Padre alikubali kanisa livunjwe, akaonyesha upande uliokuwa dhaifu. Mwezi Machi 2008 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba naye aliua, ikampa kifungo cha maisha. Baba Mtakatifu Fransisko, alipokutana na Rais Paul Kagame Vatikani tarehe 20 Machi 2017, aliomba upya msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake, mapadre na watawa wakiwamo, waliotumbukia katika chuki na ukatili.

Majaji wa Arusha hawakuwa wakifundisha dini, lakini walifika mahali ambapo Mama Kanisa amesimama siku zote. Katekisimu, namba 2268, inawaweka muuaji na anayeshirikiana naye kwa hiari katika dhambi moja, ile inayolia mbinguni. Namba 1868 inataja njia za kushiriki dhambi ya mwingine: kuitenda pamoja naye, kuiamuru, kuishauri, kuisifu, kutoizuia wakati tuna wajibu, na kuwalinda watenda maovu. Namba 2313 inaongeza kuwa utii wa kijinga hauwi kisingizio, na kwamba anayeamriwa kuangamiza kabila au taifa ana wajibu wa kukataa.

Soma tena hiyo njia ya kusifu, kisha ukumbuke mwaka 2024, wakati mtoto mdogo mwenye ualbino alipotwaliwa mikononi mwa mama yake wilayani Muleba, akauawa. Atakayehesabu kwa mikono ataandika mtoto mmoja na mshika kisu mmoja. Lakini ukatili wa namna hiyo unahitaji mganga wa kuagiza, tajiri wa kulipa, jirani wa kuonyesha nyumba, na kijiji kinachoamini kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri.

Sasa nirudi kwa babu. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua na kupora katika eneo la Missenyi, yakavunja daraja la Kyaka. Aliyechukua silaha kuwarudisha alitimiza wajibu, na Kanisa linafundisha hivyo katika namba 2263 hadi 2265: kumlinda asiye na hatia si kuua kwa dhuluma, mradi nguvu isizidi kipimo na chuki isitawale. Kama babu alivuka kipimo hicho huko Uganda, ni jambo kati yake na Mungu, na huenda kati yake na padre aliyemwungamisha. Kijana aliniambia kuwa mzee mwenyewe hakuwahi kutaja idadi. Waliotaja ni wengine. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Sauli na Daudi: wanawake ndio waliotoka na matari kuimba elfu za mmoja na makumi elfu za mwenzake, na wimbo huo ukazaa wivu ulioisumbua Israeli miaka mingi. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati kinatuambia kuwa Daudi alikatazwa kujenga Hekalu kwa sababu alikuwa amemwaga damu nyingi. Hata hivyo toba yake ilipokelewa.

Chini ya daraja lile la Kyaka, lililokwisha kujengwa upya, mto Kagera ulipitisha mwaka 1994 maiti kutoka Rwanda kuelekea Ziwa Viktoria, na watu wa ufukweni wakaogopa kula samaki. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda walizika zaidi ya elfu kumi huko Kasensero, Lambu na Ggolo. Wengi walizikwa bila mtu kujua majina yao wala ya waliowaua, na hao nao tuliwaombea kijana na mimi jioni ile. Nia ya Misa ya babu yake iliandikwa katika daftari la parokia wiki hiyohiyo. Lilihitajika jina lake la ubatizo na tarehe ya kufariki, basi.