MAJI MEKUNDU YA MTO: DAMU, UBONGO NA UPASUAJI WA WAZEE

Fikiria mkulima wa mboga wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, mwenye umri wa miaka 74. Siku ya mvua anateleza mteremkoni na kuvunjika nyonga. Mpwa wake anamteremsha hadi Morogoro mjini, naye anapasuliwa salama. Lakini usiku wa pili mzee anamwita mpwa huyo kwa jina la ndugu aliyekwisha kufariki, tena anataka kwenda kumwagilia shamba. Je, nusukaputi imemharibu akili? Jamaa wakiamini hivyo, huenda wakamzuia mzee mwingine asipasuliwe, hata pale ambapo upasuaji ungeokoa maisha yake.

Swali hili ni la siku nyingi. Mwaka 1998 watafiti wa nchi kadhaa walitoa matokeo ya kuwapima wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na zaidi, waliofanyiwa upasuaji mkubwa usiohusu moyo. Baada ya wiki moja, asilimia 25.8 walikuwa wamepungukiwa na uwezo wa kukumbuka na kufikiri. Baada ya miezi mitatu, idadi hiyo ilikuwa asilimia 9.9, ikilinganishwa na asilimia 2.8 ya watu ambao hawakupasuliwa. Basi wengi hupona, lakini si wote.

Nusukaputi si mshitakiwa pekee. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba, kati ya wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada waliovunjika nyonga, waliolazwa usingizi na waliochomwa ganzi ya mgongoni walichanganyikiwa kwa kiwango kinachokaribiana. Jeraha lenyewe huuchochea mwili kutoa kemikali za uvimbe, nazo zaweza kuusumbua ubongo, hasa ule uliokwisha kudhoofika.

Je, damu yaweza kueleza yanayotokea ubongoni? Mkazi wa bondeni aonapo maji ya mto yamegeuka mekundu, hutambua kwamba udongo umemomonyoka huko juu mlimani. Vivyo hivyo, uzi wa mshipa wa fahamu ukiumia, vipande vya protini inayoushikilia, iitwayo nyurofilamenti, huvuja na kuingia katika damu. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walieleza kwamba protini hiyo, pamoja na nyingine iitwayo tau, ziliongezeka katika damu ya wagonjwa 30 baada ya nusukaputi na upasuaji.

Hata hivyo, maji mekundu hayasemi ni shamba la nani lililomomonyoka. Nyurofilamenti huongezeka pia kwa umri, kwa ugonjwa wa figo, na kwa kuumia kwa mishipa ya fahamu nje ya ubongo. Kipimo kimoja baada ya upasuaji hakitoshi. Sharti kijulikane kiwango cha kabla yake.

Kanuni hiyo huhusu akili pia, na hapa Tanzania inacho chombo chake. Mwaka 2014 kilichapishwa kipimo kifupi kilichojaribiwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa ajili ya kutambua ugonjwa wa kusahau hata kwa wazee wasiojua kusoma. Mzee hukumbuka maneno aliyosomewa, hutaja wanyama, na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hahitaji kalamu wala maabara.

Hadi vipimo vya damu vitakapothibitika, shahidi mkuu ni yule anayemfahamu mgonjwa. Mpwa aweza kumweleza daktari, kabla ya upasuaji, jinsi mjomba wake anavyokumbuka na kuzungumza. Baadaye amrudishie miwani, amsaidie kunywa maji akiruhusiwa, amwache alale usiku, na amkumbushe siku na mahali alipo. Akiona mabadiliko ya ghafla, amwite muuguzi mara moja, kwani huenda chanzo ni maumivu, maambukizo au upungufu wa maji, mambo ambayo yana tiba.