Parodia katika Ngoma: Kutoka Beni hadi Baleti

Parodia ni mbinu ya kuiga kazi au mtindo fulani kwa nia ya kuukejeli. Wanafunzi wengi huitafuta vitabuni, ilhali huchezwa pia kwa miguu. Nchini Marekani, kundi la Les Ballets Trockadero de Monte Carlo, lililoasisiwa New York mwaka 1974, huwavisha wanaume sketi za wachezaji wa kike wa baleti na kuwasimamisha kwa ncha za vidole. Kichekesho hufaulu kwa sababu wachezaji hao wameimudu baleti yenyewe.

Pwani yetu ilitangulia. Kuanzia miaka ya 1890, beni iliiga bendi za kijeshi za Wazungu: gwaride, sare na vyeo. Hata hivyo, Terence Ranger (1975) alionyesha kwamba haikuwa uigaji mtupu, bali pia uwanja wa ushindani baina ya mitaa.

Kwa Wadigo wa Ukunda na Kwale kwa jumla, ipo sengenya, ngoma ambayo jina lake lenyewe linalandana na kitenzi kusengenya. Mtafiti wa fasihi simulizi anayenakili maneno ya wimbo na kuuacha mwendo wa mchezaji hupoteza sehemu ya kejeli. Yafaa vyote viwili vihifadhiwe pamoja.