Barafu Inayojipima Joto Yenyewe

Afisa mifugo anapofunua mtungi wa mbegu za ng'ombe, ukungu mweupe humwagika mdomoni mwa mtungi na kutambaa sakafuni. Ndani mna naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri. Ni gesi ileile tunayoivuta kila pumzi. Ukiifungia chomboni na kuiondolea mvuke kwa pampu, huchemka kwa fujo huku ikizidi kupoa, mpaka kwenye nyuzi 210 chini ya sifuri inaganda: barafu nyeupe isiyo na tone la maji.

Barafu hiyo ni fuwele ya molekuli za atomu mbilimbili, na kila jozi hutetema kama iliyoungwa kwa springi, karibu mara trilioni 70 kwa sekunde. Molekuli moja ikiwa pekee haiwezi kufyonza mwanga wa infraredi kwa mtetemo huo, kwa kuwa ncha zake mbili zinafanana na mwanga haupati pa kushika. Ndani ya fuwele, majirani huisukuma, elektroni zake zikahama kidogo, na hapo hufyonza mwanga. Hufyonza kwa uhafifu mno, hivyo barafu sharti iwe nene.

Kinachonivutia zaidi ni umbo la alama inayoachwa na ufyonzaji huo kwenye spektra ya mwanga, karibu na mikromita 2.15. Chini ya nyuzi 237.5 chini ya sifuri, molekuli zimetulia, kila moja imeelekea upande wake, na mstari ni mwembamba. Juu ya hapo zinageukageuka palepale zilipo, na mstari unatanuka. Umbo lake hubadilika kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo anayeusoma ameshika kipimajoto.

Kipimajoto hicho kinafika mbali. Mwaka 1993, Tobias Owen na wenzake waliripoti kuiona alama hiyo katika mwanga wa Pluto kwa darubini iliyoko Mauna Kea, Hawaii. Mwaka huohuo, Kimberly Tryka na wenzake walilinganisha barafu ya maabara na mwanga wa Triton, mwezi mkubwa wa Neptuni. Jibu: takriban nyuzi 235 chini ya sifuri, sawa na kilichopimwa na chombo Voyager 2 kilipopita hapo mwaka 1989. Ni nyuzi mbili na nusu tu juu ya mpaka ule wa nyuzi 237.5. Molekuli za Triton bado zinageukageuka.