Kushauriwa Kabla ya Kuamriwa

Kwetu pwani baraza ni mahali pa kukalia palipojengwa mbele ya nyumba, na pia ni chombo cha utawala. Mwezi wa Julai 2019, wakuu wa wilaya ya Camden, hapa London, waliziunganisha maana hizo mbili. Waliwaalika wakaazi zaidi ya 50, waliochaguliwa ili wafanane na watu wa wilaya kwa umri na asili zao, wawasikilize wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, kisha washauriane.

Wakaazi hao walitoa mapendekezo 17, miongoni mwao kupanda miti zaidi na kujaribu siku na sehemu zisizopita magari. Mapendekezo hayo ndiyo yaliyokuwa msingi wa mpango wa wilaya wa mwaka 2020 hadi 2025. Kwa hakika, mtu aliyeulizwa rai yake hulibeba jambo kama lake.

Ama mambo ya ada za magari yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2022, Meya Sadiq Khan alitangaza kuwa magari ya zamani yatoayo moshi mchafu yatalipa pauni 12.50 kwa siku London nzima. Lengo la kwanza lilikuwa hewa safi kwa mapafu ya watoto wetu, nalo ni lengo jema. Lakini watu waliuliza: nani atalipa? Wilaya nne za pembezoni, pamoja na jimbo la Surrey, zilikwenda Mahakama Kuu, zikashindwa. Mwezi wa Julai 2023 chama cha Labour kilikikosa kiti cha Uxbridge kwa kura 495, na wengi walisema sababu ni ada hiyo. Ndipo msaada wa kubadilisha gari, ambao awali ulikuwa wa wachache, ulipofunguliwa mwezi wa Agosti kwa wakaazi wote wenye magari hayo: hadi pauni 2,000 kwa gari dogo. Ada ilianza tarehe 29 ya mwezi huo huo.

Twaona basi kwamba hoja njema pekee haitoshi. Wakuu hupata kuungwa mkono wanapouliza mapema na kumsaidia asiye na uwezo.

Nasi tuna sehemu yetu. Miongoni mwetu wamo madereva, na zimo familia zinazoishi katika nyumba zenye baridi na unyevu. Barua ya wilaya ya kuomba maoni ikifika, tusiitupe pamoja na matangazo ya maduka. Ajuaye Kiingereza na amsomee mzee wake, waijibu pamoja. Asiyekuwapo na lake halipo.