Apdeti ya simu inagoma kila siku? Huenda shida si bando

Mpanda. Simu inaonyesha kuna sasisho jipya la mfumo. Mwenye simu ananunua bando, anasubiri mpaka asilimia 100, simu inajizima na kuwaka, halafu inatoa ujumbe kwamba sasisho limeshindikana. Kesho yake inaomba tena, na bando linaliwa upya.

Kwa mfanyabiashara wa Buzogwe au mkulima wa Mlele, simu ndiyo pochi, na masasisho ndiyo yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia. Simu ikibaki nyuma sana, hata programu zinaikimbia: tangu Januari 1, 2025, WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu zenye Android ya chini ya 5.0.

Wengi hubonyeza "jaribu tena" bila kuangalia imekwama wapi. Apdeti ina hatua mbili: kupakua, kisha kusakinisha. Kila moja ina ugonjwa wake.

Ikikwama kwenye asilimia njiani, hapo ni mtandao. Toleo jipya la Android linaweza kuzidi GB 2, kwa hiyo si jambo la kujaribu ndani ya treni ya Mpanda kwenda Tabora. Wi-Fi tulivu ni bora, na hotspot ya simu nyingine inafaa pia. Tarehe na saa ziangaliwe: zikiwa zimekosewa, simu inaweza kushindwa kuiamini seva na kukata mawasiliano.

Ikifika 100 ndipo igome, bando jingine halisaidii kitu.

Mara nyingi ni nafasi. Simu ya GB 32 tayari imeliwa na mfumo wenyewe, halafu zinakuja video za magrupu ya WhatsApp. Sasisho likishapakuliwa linahitaji nafasi nyingine ya kufunguliwa. Ndani ya WhatsApp, sehemu ya kudhibiti hifadhi inaonyesha grupu lipi linakula zaidi. Wengi husahau kwamba picha zilizofutwa hubaki kwenye pipa la taka la simu kwa siku kadhaa, na huko bado zinakula nafasi. Pipa nalo limwagwe.

Chaji nayo ina neno. Simu nyingi hukataa kuanza betri ikiwa chini, hivyo ni vyema ijae kabla, hasa siku ambazo umeme unakatika.

Simu iliyowahi kuflashiwa ni kesi nyingine. Baadhi ya masasisho hulinganisha mafaili ya mfumo na yale ya kiwandani, na faili moja likitofautiana kazi inasimama. Hapo kufuta picha hakuponyi. Simu inahitaji mfumo wake halisi kamili, kwenye kituo cha huduma cha kampuni iliyoitengeneza.

Fundi akisema simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, asiruhusiwe haraka. Picha na namba zilizo kwenye simu zitafutika. Kuna mtego mkubwa zaidi: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zikifutwa kwa kubonyeza vitufe huwa zinadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Wapo ambao akaunti hiyo walifunguliwa dukani na muuzaji, nywila hawaijui hadi leo. Ijulikane kwanza, au ibadilishwe ikiwa simu bado inafunguka.

Simu ambayo haijaletewa sasisho lolote kwa miaka miwili huenda haina hitilafu yoyote. Mtengenezaji ameacha kuihudumia. Programu zake bado zinasasishwa kupitia Play Store, zile za benki na pesa za simu zikitangulia.